Samaki wa Mti na Koti la Dishon

Dunga, Kisumu
14 Machi 1987

Kwa shemeji Dishon,

Habari za siku nyingi? Natumaini baridi ya huko mlimani haijakumaliza. Huku sisi wazima, ingawa nikisema sisi najua ninajumlisha na kuku.

Tangu tumzike kaka yako mwaka jana, nyumba imekuwa kubwa mno. Wazee wa ukoo waliniletea mtu kutoka Bondo anirithi niwe mke wake. Ana wake wawili tayari na anakohoa bila kuziba mdomo. Nikakataa. Sasa kwa kuwa sijarithiwa, wenye mashua hawataki kuniuzia samaki. Wanasema mjane wa namna yangu akigusa samaki wao, nyavu zitarudi tupu. Na wewe unajua kazi yangu ni kukaanga samaki na kupeleka sokoni Kibuye.

Ndipo nikamkumbuka yule samaki wa mti uliyemchongea marehemu Oduor ulipokuja likizo, ukiiga chambo cha wageni wako wanaovua mtoni. Nikamtoa darini. Kwenye mashua mwanamke haruhusiwi, lakini kwenye mawe nani atanifukuza? Namrusha kila asubuhi, na kila nikimvuta anakuja amelala ubavu kama mlevi. Watu wanapita wakicheka. Nifundishe.

Shemeji yako,
Adero


Kambi ya wavuvi, Kiganjo
2 Aprili 1987

Kwa shemeji Adero,

Pokea salamu zangu nyingi. Nilifurahi kuuona mwandiko wako. Afya yangu ni nzuri isipokuwa vidole, ambavyo asubuhi havikunjiki.

Samaki wako analala ubavu kwa sababu risasi ya kumpa uzito imetoka tumboni. Tafuta tundu pale chini, ujaze risasi ya betri kuukuu, kisha uzibe kwa nta. Angalia pia kiunoni, pale vipande viwili vinapoungana. Ile pete ya waya lazima icheze, la sivyo hataogelea. Mkia ukiwa umeoza, kata mwingine kwenye soli ya slipas. Ukimrusha mwache azame, kisha vuta polepole, simama, vuta tena. Wageni wangu wanawakosa trauti wakubwa kwa sababu ya haraka. Wanavuta mbio, na samaki mkubwa hapendi kukimbizana, anamtaka aliyechoka. Na ufunge kitambaa mkononi, uzi wa nailoni unakata.

Jioni wageni wakikaa kwenye moto wao, mimi narudi kibandani. Hakuna anayezungumza Kijaluo hapa. Kuna wakati nakisema peke yangu nisije nikakisahau. Habari ya mtu wa Bondo nimeisikia.

Shemeji yako,
Dishon


Dunga
20 Juni 1987

Kwa shemeji Dishon,

Vidole vinaendeleaje? Mimi mzima, ila kiganja kimekatika kidogo kwa sababu nilidharau habari ya kitambaa.

Nimempata! Mbuta wa urefu wa mguu wangu. Alipoushika ule mti nilidhani nimenasa jiwe, mpaka jiwe likaanza kuondoka. Nilipomtoa majini niligeuka nimwambie mtu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikakaa chini nikalia kama mjinga, samaki akirukaruka miguuni. Kule Kibuye, Kadija anayeuza viazi jirani yangu hana habari na mambo yetu ya kurithiana. Alinisaidia kumkata, akanunua kichwa.

Wazee wamerudi. Wanasema kama si mtu wa Bondo, basi ni wewe, ndugu wa tumbo moja na Oduor. Niliwaambia nitakuandikia. Basi nimekuandikia. Kwenye yale mawe kuna nafasi ya watu wawili.

Shemeji yako,
Adero


Kiganjo
9 Februari 1988

Kwa shemeji Adero,

Hujambo? Nisamehe kwa kuchelewa. Nimelifikiria jambo hili mpaka likanikosesha hamu ya kula.

Sitaki wazee wakulazimishe kuishi na mtu kwa sababu ya samaki, hata kama mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo nimempa Wasike, dereva wa lori la kabichi, koti langu akuletee. Desturi unaijua. Koti la shemeji likitundikwa nyumbani mbele ya wazee, umesharithiwa, na hakuna atakayelala kwako. Wenye mashua watakuuzia. Ukiona halifai, mrudishie Wasike. Sitaona vibaya.

Wiki hii nilimshika trauti mkubwa kuliko wote niliowaona katika mto huu. Nikamwachia. Ningemla na nani?

Shemeji yako,
Dishon


Dunga
3 Machi 1988

Kwa shemeji Dishon,

Salamu. Mimi sijambo.

Koti limefika. Wazee walikula kuku wawili katika wale ninaowahesabu kama jamaa, kisha likatundikwa nyuma ya mlango. Wenye mashua wananiita mama tena na wananichagulia samaki wazuri. Asante, umefanya wema. Linanuka moshi wa huko. Mawe bado naenda, ingawa sasa si lazima.

Utakuja lini kuona lilivyotundikwa?

Shemeji yako,
Adero


Kiganjo
16 Oktoba 1990

Kwa shemeji Adero,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nimekaa kimya kwa muda mrefu na sina udhuru, niliogopa tu.

Nilipompa Wasike koti, nilikaa nikiomba alirudishe. Nilijiambia, likirudi nitajua Adero anamtaka mwenye koti, nami nitalivaa nipande basi hata bila ruhusa. Wasike akarudi mikono mitupu. Nikaelewa kwamba ulitaka kuachwa huru. Ulipouliza nitakuja lini, nilidhani ni heshima tu.

Mwezi wa nane nimeoa. Anaitwa Nasipwondi, anafanya kazi jikoni hapa kambini. Ni mtu mwema. Tunazungumza Kiswahili.

Shemeji yako,
Dishon


Dunga
11 Novemba 1990

Kwa shemeji Dishon,

Hamjambo huko? Hongera kwa ndoa. Mungu awape watoto wenye afya.

Ningelirudishaje koti? Nililipokea nikijua mwenyewe atalifuata. Mtu hamfukuzi mgeni kwa kumrudishia mzigo aliotanguliza.

Juzi nilinasa mbuta ambaye sijapata kuona mfano wake. Nilimleta mpaka chini ya mawe. Samaki wa ukubwa ule, mmoja anashika uzi na mwingine anashuka majini kumshika mashavuni. Niliita. Mashua zilikuwa mbali. Nilimshikilia mpaka kitambaa kikalowa damu, kisha nikakata uzi kwa kisu. Ameondoka na samaki wako mdomoni. Usinichongee mwingine.

Yule mtu wa Bondo nilimkataa kwa sababu yako, Dishon. Ningemkataa hata kama asingekohoa. Nimelisema mara moja na sitalirudia, na usinijibu.

Wasike ameshaitangaza ndoa yako huku. Jana mzee mmoja alikuja mpaka mlangoni kunipongeza kwamba nimepata mke mwenza. Nikamwambia asante, nikampa kiti.

Shemeji yako,
Adero