Musonda, ni Wewe Uliyemchukua Meka?

Mdogo wangu Musonda,

Meka amepotea. Alipotea Jumapili ya wiki iliyopita, kati ya saa tatu asubuhi, tulipofunga lango kwenda misani, na saa sita na robo, tuliporudi. Leo ni Alhamisi, siku ya kumi na moja. Nimekupigia simu mara thelathini na mbili. Ingekuwa imezimwa ningeelewa. Lakini inaita, inaita mpaka inachoka yenyewe, kwa hiyo najua uko hai, unaangalia jina langu likiwaka, halafu unairudisha simu mfukoni. Sawa. Basi nakuandikia hapa ambapo kila mtu atasoma, na sababu nitaisema.

Wewe ni wa mwisho wa mama yetu, mimi dada yako ni wa kwanza, ndiyo maana unaniita Yaya, na kati yetu kuna miaka kumi na saba. Nilikubeba mgongoni nikiwa nauza maandazi shuleni. Hiki kinu cha mahindi nilikianza na mashine moja mbovu, leo ziko tatu na zote zinasaga, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Ninajua idadi ya kila kitu kilichomo ndani ya ukuta wangu. Ndiyo maana siku ile nilipokutuma kununua kufuli ya stoo na ukarudi kutoka Kapolowe na mbwa ndani ya shati, nilikasirika kweli.

"Kufuli iko wapi?"

"Njo hii, Yaya."

"Musonda, nilikutuma kufuli."

"Hii iko na meno, Yaya. Kufuli iko na meno?"

Wateja walicheka. Ukamchukua yule mtoto wa mbwa, ukamtumbukiza ndani ya meka, kile kipimo cha bati tunachopimia unga, akaenea mzima, pua tu ikabaki nje. Mama Aziza, anayekaanga mikate mbele ya lango letu, akapiga kelele toka ng'ambo ya barabara: "Yaya! Leo unapimia bantu mbwa, hapana unga?" Ndivyo alivyopata jina. Mimi nilisema nakupa miezi mitatu. Kama haijui kazi, inarudi ilikotoka. Nilimwita "hiyo" wiki nzima.

Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuwa nakuangalia. Nilikuwa nakuangalia kwa dirisha la ofisi, kalamu mkononi.

Wiki mbili za kwanza hukumfundisha kulinda. Ulimfundisha kukaa juu ya kipande cha gunia. Ulikikata mwenyewe, ukakunja pindo na kushona kwa sindano ya magunia. Mashine zikiwa zimezimwa, anakaa. Halafu ukaniomba niwashe ile ndogo, wewe na yeye mkiwa nje. Akakojoa kwa hofu, ukapanguza. Kesho yake mkasogea hatua mbili. Kesho kutwa, hatua mbili nyingine. Kutoka lango mpaka mashine ya kwanza ni hatua kumi na nne, kwa hiyo mlitumia siku saba, na siku ya nane nilipowasha zote tatu, na vumbi la unga likajaa, na watu wakaanza kupigiana kelele ili wasikilizane, yule mbwa alipiga miayo. Alipiga miayo, Musonda! Mimi mwenyewe mashine zikiwaka zote kichwa kinaniuma mpaka leo.

Kila alipofanya vizuri ulimpa kipande cha samaki mkavu wa ziwa Tshangalele, kidogo kama ukucha. Arobaini kwa siku, nilihesabu. Nikakuuliza kama unalisha mbwa au unafungua mgahawa. Ukasema, "Yaya, mupe kidogo kidogo, atafanya kazi siku yote. Mupe samaki muzima, atalala." Ndivyo hasa ninavyowapa wafanyakazi wangu chai.

Na hukumpiga. Mama Aziza hakuvumilia kuona vile. "Weye Musonda, mbwa unamubembeleza sawa mutoto wa kwanza! Muchape, ajue!"

"Mama, nikimuchapa atajua fimbo. Miye nataka ajue kazi."

"Ah! Siku atakupikia bukari ya mahindi, uniite nione."

Alikuita mwalimu wa mbwa toka siku ile, kwa dhihaka kwanza, halafu bila dhihaka.

Kisha ukafanya lile jambo ambalo sijaona mtu mwingine akifanya katika mji huu. Ulimfundisha kusikiliza mashine. Mashine zikiwa zinanguruma, watu wapite, na magunia kichwani, na watoto, na kuku wao, Meka hainui hata sikio. Mashine zikinyamaza, anayeingia na gunia apite, lakini anayetoka na gunia asimame. Hakubweka wala kuuma. Alikuwa anakwenda tu kulala mbele ya lango, mwili mzima, na kukuangalia usoni. Ulileta rafiki zako wajifanye wezi, mmoja mmoja, kila mmoja na gunia la pumba begani. Nilikaa kwenye kiti nikaandika. Wezi ishirini, wote ishirini walisimama. Wa kumi na tatu alijaribu kumrushia nyama. Meka aliiangalia ile nyama, akakuangalia wewe, akarudia kuiangalia, mate yakimdondoka, na hakutoka langoni. Toka siku hiyo magunia yangu yaliacha tabia ya kutembea yenyewe, na mimi niliacha kumwita "hiyo".

Sijasahau pia mambo madogo. Ulimtoa kupe kwa vidole, ukiwatia ndani ya kikopo cha petroli. Vumbi la unga lilipomfunga macho, ulimwosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, siku tisa. Siku ya chanjo ulisimama foleni muda wa saa nne kwa daktari wa mifugo, umemkumbatia, kwa sababu kulikuwa na mbwa wengine wakali. Ulirudi shati limejaa manyoya, kadi ya chanjo mdomoni kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Kaka zetu wanne hakuna hata mmoja ambaye angesimama saa nne kwa ajili yangu.

Sasa nafika pale ambapo wewe ulisimama ukiniuliza, nami sikujibu.

Ulinionya juu ya umeme kukatika. Ulisema, "Yaya, courant ikienda muchana, bantu beko ndani na magunia yao. Meka hajui kama ni courant. Anajua tu mashine imenyamaza. Kama siko, weye umuite kwenye gunia yake, mara mbili, polepole." Mimi nilikuwa napima. Nikasema ndiyo, ndiyo. Mtu anayepima anasema ndiyo kwa kila kitu.

Siku ile ulikuwa umekwenda kutafuta mkanda wa mashine. Umeme ukakatika saa nne na nusu, wateja kumi na wanne ndani ya kinu. Mashine zikanyamaza. Meka akainuka, akaenda kulala mbele ya lango, sawasawa kama ulivyomfundisha. Mama mmoja mtu mzima, gunia kichwani, akataka kumruka. Meka akasimama. Mama akarudi nyuma, akaanguka, unga wote ukamwagika na kifundo cha mkono kikateguka. Jino halikumgusa. Nilipiga kelele "Meka! Meka! Meka! Meka!" kama mtu anayeungua. Ile haikuwa mara mbili wala haikuwa polepole.

Ukaingia na mkanda begani. Na mimi, mbele ya watu kumi na wanne, nikasema: "Angalia kazi yako! Mwanaume muzima, miaka mbili unacheza na mbwa, unakula kwangu!"

Ukauliza kitu kimoja tu. "Yaya, ulimuita?"

Nikageuka kuokota unga.

Mchana ule ule nilinunua mnyororo. Ulisimama ukaniangalia ninavyomfunga, ukasema, "Ukimufunga, atasahau yote. Atabaki tu na hasira." Asubuhi ulikuwa umeondoka, na begi moja. Nilisema mwache aende, atarudi akisikia njaa. Ndivyo nilivyosema, Mama Aziza ni shahidi, na alinitazama vibaya.

Meka alikaa kwenye mnyororo siku ishirini na sita. Ulikuwa sahihi kwa kila neno. Alianza kubwekea kila mtu, mashine ziwe zinawaka au zimezimwa. Chakula alikuwa anaacha nusu. Mtu yeyote akipeleka mkono shingoni mwake, ananguruma, isipokuwa mimi na binti yangu, na hata sisi alitutazama pembeni kwanza.

Halafu ile Jumapili. Niliyoyakuta ni haya. Mnyororo haukukatwa. Umefunguliwa kwenye mkanda wa shingo, ukaviringwa, ukatundikwa kwenye msumari. Lango limefungwa kwa komeo. Nilipita nyumba sita kuuliza, hakuna aliyesikia Meka akibweka asubuhi ile. Mama Aziza, ambaye misa si yake, alikuwa kwenye mikate yake mpaka saa nne hivi, hakuona mtu, kisha akaenda kununua mafuta. Na kile kipande cha gunia hakipo.

Nikakaa nikapiga hesabu. Mwizi gani anabeba mbwa pamoja na tambara lake la kulalia? Mwizi gani anagusa ile shingo asipigiwe kelele? Nikasema: ni Musonda. Nikalala vizuri usiku ule, kwa mara ya kwanza toka uondoke.

Lakini wewe unanijua, hesabu yangu huwa naipitia mara ya pili. Jumapili ile mimi ndiye niliyemfungua kwa haja na kumfunga tena, nimevaa vitenge vya misani, nina haraka. Huenda sikufunga vizuri. Mnyororo huenda binti yangu aliuviringa bila kufikiri. Nimemuuliza mara tatu, anasema labda. Jumamosi ni siku ya kufagia, tambara huenda lilikwenda na takataka. Lango lina ule upenyo chini ambao nimesema mwaka mzima nitauziba. Na Jumatatu dereva mmoja mteja wangu akaniambia aliona mbwa wa kahawia amelala kando ya barabara ya Lubumbashi, kupita nyumba za mwisho. Nikamuuliza, sikio la kushoto limepungua kipande, kama la Meka? Akasema, "Yaya, nilikuwa naendesha." Nilipanda pikipiki mpaka pale. Nilikuta doa tu kwenye lami.

Mama Aziza akaniuliza jana, "Na unaomba nini?" Nikamwambia, watu wote wakiibiwa wanaomba mwizi asiwe ndugu yao. Mimi naomba mwizi awe ndugu yangu. Hakucheka. Akanifungia mikate minne na kukataa niilipe.

Nakuandikia hadharani kwa sababu nilikutukana hadharani. Watu kumi na wanne walisikia kwamba unacheza na unakula kwangu. Nataka hao kumi na wanne wasome, na wengine zaidi yao, kwamba Musonda alifanya kazi ambayo mimi, na akili zangu zote za kuhesabu, nisingeweza kuifanya hata ningepewa miaka kumi. Kosa la siku ile lilikuwa langu. Niliambiwa namna ya kumwita, sikumwita hivyo.

Bado nina hasira nawe, usifikiri imekwisha. Mtu haondoki kwa dada yake mkubwa bila kuaga. Mtu hapokei simu thelathini na mbili kwa kuzitazama. Hayo tutayazungumza siku tukikaa.

Lakini sasa sikiliza, kwa sababu hili halingoji. Kama Meka yuko kwako, simtaki arudi. Kaa naye. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa inakwisha muda mwisho wa mwezi huu, kadi iko kwangu, niambie nimpe dereva gani. Ukucha wa mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umepasuka, uuangalie. Na kama unataka kuja naye kazini, mnyororo nimeshautoa, na kazi yako ina jina sasa na ina mshahara, tutaelewana.

Kama hayuko kwako, basi nimefanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Siku kumi na moja sikumtafuta inavyotakiwa. Nilikwenda barabarani mara moja, nikauliza nyumba sita, nikarudi kukaa, kwa sababu nilijiambia yuko kwako. Mbwa anayejeruhiwa ana siku chache, na mimi nimezitumia kujituliza. Ikiwa ni hivyo, nahitaji kujua ili nitoke, na nahitaji utoke nami, maana akiwa amejificha mahali, kwa sauti yangu hatatoka.

Jumamosi hii, saa sita kamili mchana. Kabla ya hapo nataka neno moja, hata kwa ujumbe, hata kwa kumtuma mtu. Sitaki maelezo, sitaki "Yaya unajua". Nisiposikia kitu nitachukulia kwamba ni hapana, na saa sita na dakika moja nitakuwa njiani.

Meka yuko kwako? Ndiyo au hapana.

Yaya wako