Aliyemleta Mtoto

4 Machi

Mama, shikamoo. Sisi wazima, ila mjukuu wako ana mafua, kaambukizwa na baba yake. Mgongo wako je? Usinijibu "mzima tu" kama kawaida yako.

Asante kwa kadi yangu ya kliniki. Nilitaka kulinganisha uzito wangu wa uchangani na wa mwanangu, basi. Lakini kwenye mafunzo ya ushauri nasaha tumeagizwa kila mtu aandike nani alimlea hadi miaka miwili. Mwalimu anasema mtoto hujijua kwanza kwenye uso wa anayemshika. Sasa nyuma ya kadi, penye "aliyemleta mtoto", mara kumi na moja imeandikwa: mama mdogo. Wewe uliniambia mdogo wako alinibeba siku moja tu, mkagombana. Lisemwalo lipo, mama. Lililoandikwa je?

Binti yako

20 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo mzima tu.

Manesi wa siku zile waliandika walichotaka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, si nesi. Huyo mwalimu anawafundisha kuwashuku mama zenu? Niambie nije lini kumshika mtoto, likizo yako inaisha mwezi wa tano. Mzigo nimeshafunga.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Sijasema uje. Tangu utoto, nikishikwa na hofu najifunga uzi kidoleni, na wewe ulikuwa ukiniona na uzi, unanichapa. Kwa nini? Na kwa nini cherehani ya jirani ikianza kulia nasinzia, mtu mzima mimi? Mama mdogo ni fundi cherehani. Nakushuku, mama, na inaniuma. Siwezi kukuachia mwanangu wakati sijui mimi ulinifanya nini.

Binti yako

10 Mei

Mama, shikamoo. Wiki ya sita hii hujajibu. Nimerudi kazini, mtoto yuko kwa jirani na analia. Unaumwa, au unaficha?

Binti yako

1 Juni

Marahaba, mwanangu. Siumwi.

Nilipokuzaa ndipo niliumwa, na haikuwa homa. Nilikuwa nakutazama sioni kitu. Ukilia, nageukia ukutani. Mdogo wangu akakuchukua mwaka na miezi miwili. Akishona, alikufunga uzi mkononi, ncha nyingine kidoleni kwake. Ukiuvuta, anageuka kukutazama.

Nilipopona nikaja kukuchukua. Ulinilia kama mgeni. Nikaukata ule uzi kwa mkasi wake mwenyewe, nikamwambia asikanyage kwangu tena. Siku tatu ulikivuta kipande kilichobaki mkononi huku unatazama mlango. Nilikuwa na wivu. Niliogopa ukijua utamtafuta yeye, uniache mimi.

Yuko hai, bado anashona. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mzigo wangu nimeufungua.

Mama yako, kama bado ni mimi

12 Juni

Mama, shikamoo. Mtoto ameota jino, anang'ata kila kitu.

Nina hasira bado, sitakudanganya. Lakini mtu aliyegeukia ukutani na bado akarudi kunichukua, huyo sikuwahi kuambiwa habari zake, na ningependa kumjua.

Anwani sitaitumia. Mwandikie wewe, ni mdogo wako, na mkasi uliushika wewe. Halafu fungeni mizigo mje wote. Kliniki ni tarehe tisa mwezi ujao, nami nitakuwa kazini. Nimemuuliza nesi kama penye "aliyemleta mtoto" panaenea majina mawili. Amesema akiandika kwa herufi ndogo, panaenea.

Binti yenu