Nilimpunguzia Mke Wangu Maadui

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nyumbani kwangu kumechafuka na aliyechafua ni mimi.

Mimi ni fundi simu, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza gemu ya safari na mapigano, ile ambayo mchezaji anaanza mnyonge na kila akishinda anapanda ngazi. Ukiimaliza unaweza kuianza upya na nguvu zako zote, na hapo ndipo balaa lilipo, kwa sababu niliogopa duru hiyo ya pili itakuwa rahisi kama kunywa maji, nikaamuru kila adui apande ngazi sambamba na mchezaji, wote, hata nyuki wa pale getini mwanzoni mwa gemu, maadui dhaifu kuliko wote. Mke wangu, ambaye ni mshonaji na ndiye anayenijaribia kila kitu, aliimaliza kwa shangwe, akaanza upya akiwa ngazi ya sitini, nyuki wakamuua. Akarudi, wakamuua tena. Akaniuliza, "Wewe mwanamume, jasho langu lote lile lilikuwa la nini, kama hadi nyuki wamepandishwa cheo?"

Badala ya kumjibu, nikachukua simu yake akiwa bafuni, nikapunguza nguvu za maadui kwa nusu, kwenye simu yake peke yake, na sikumwambia. Akashinda, akawatambia wateja wake wote, na mimi nikajiona mume wa kupigiwa mfano, hadi juzi alipocheza duru hiyo hiyo kwenye simu ya wifi yake, yaani dada yangu, msusi mwenye mdomo, akauawa mara tano huku wifi akimhesabia kwa sauti. Sasa anasema labda macho yake yanaharibika. Na Jumamosi tunaionyesha gemu ukumbini, yeye ndiye atakayecheza mbele za watu, kwenye mashine ya ukumbi, ambako maadui wana nguvu zao zote. Nikisema ataninunia, nisiposema ataaibika. Nifanyeje?

Fundi Niliyebanwa

JIBU

Fundi, nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimeguna. Woga wako nauelewa, hakuna anayetaka duru ya pili ya kusinzia. Kwa hilo pole. Kwa mengine sikupi pole.

Mimi si mtu wa gemu, lakini nimefundisha darasani miaka ishirini na sita. Mwanafunzi akipanda darasa humtungii mtihani mgumu wa kuandika jina lake! Hao nyuki warudishe walivyokuwa. Aliyefika sitini ana haki ya kupita getini akipunga mkono, ndiyo raha aliyoihangaikia. Wapande wale wakubwa, tena kwa kikomo, na usiwaongezee uhai tu mtu akachoka kuwapiga, wape mbinu ambazo mchezaji hajaziona. Anayetaka mateso zaidi achague mwenyewe mwanzoni, kwa kitufe anachokiona.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa mkeo. Alikuonyesha kosa lako kwa sentensi moja, bure kabisa, nawe ukaona heri umdanganye yeye kuliko kurekebisha ulichokosea. Ulimnyang'anya ushindi huku ukimpigia makofi. Leo mshonaji wa watu anayatilia shaka macho yake mwenyewe, macho anayotungia uzi kwenye sindano, na wewe umekaa kimya unaogopa kununiwa! Huoni aibu?

Usingoje Jumamosi. Mwambie leo, umwambie yote, na usianze na "nilifanya kwa mapenzi," maana nitakusikia hadi huku. Kisha mwite dada yako naye asikie, kwa sababu ndiye aliyemcheka. Akinuna, nuniwa. Usimwombe acheke haraka ili wewe upate kupumua.

Akishatulia, mwulize kama bado anataka kucheza ukumbini. Akikubali, mshukuru. Akikataa, utapanda jukwaani wewe, na usithubutu kujipunguzia hata adui mmoja.