Uso Niliomvisha Mama

Ansab, Maskati

Kwa dada yangu Zuwena, uliyenilea,

Salamu zangu zikukute mzima, magoti yamepungua kuuma, na ile dawa ya macho unaitia kila siku, si siku unayoikumbuka tu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mke wangu Rahma presha yake imetulia. Mimi nasema imetulia tangu nimkataze achari, yeye anasema imetulia tangu niache kumkataza.

Barua hii anakuletea jirani yetu Bi Salma, anayekuja Unguja kwenye harusi ya mjukuu wake. Ningepiga simu, lakini wiki ya tatu sasa nikipiga anapokea mwanao Hamadi, ananiambia umelala. Saa nne asubuhi! Hujapata kulala saa nne asubuhi tangu uzaliwe. Najua kwa nini hutaki kusema na mimi, ndiyo maana nakuandikia kwa hati kubwa, usome mwenyewe.

Kwanza ujue kwamba blogu sikuitaka mimi. Nilipostaafu kuchora ramani za barabara, binti yangu Thuraya aliniona nazurura nyumbani na kamera, akanifungulia ukurasa mtandaoni na kuuita Jicho la Ansab. "Baba, wallahi, picha zako zinakaa bure tu kwenye kompyuta," aliniambia. "Ziweke watu wazione. Khalas, nishafungua." Nikamwambia sina la kuwaambia watu nisiowajua. Akanijibu kuwa maneno hakuna anayeyasoma, watu wanaangalia picha tu.

Zamani filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, kwa hivyo kabla hujabonyeza unafikiri. Siku hizi paka mmoja nampiga picha arubaini na zote sizipendi. Nilikwenda Bawshar alfajiri kulingoja jua kwenye vilima vya mchanga, mgongo ukaniuma siku mbili, na picha ile waliipenda watu watatu, wawili kati yao wanangu. Baadaye nikaweka sahani ya mandazi ya Rahma, niliyoipiga kwa simu huku natafuna, na watu kutoka Mombasa mpaka Dubai wakaja kuuliza kipimo cha iliki. Nilinuna. Lakini sikufichi, dada, nilinogewa. Ikawa hata chai sijanywa, nishafungua kuona nani kasema nini. Mtu mzima mwenye wajukuu, nangojea sifa za watu nisiowajua hata majina.

Hapo ndipo nilipokosa. Mwaka jana nilipokuja nyumbani, siku uliyokwenda msibani, nilifungua mkoba wako wa karatasi kutafuta cheti changu cha kuzaliwa. Nikaiona picha ya mama amesimama, mkono begani kwako, nawe una kama miaka sita. Uso wake haukuwepo, pamebaki weupe mtupu. Nikadhani mende wameula, au unyevu wa masika. Nikaipiga picha kwa simu, nikairudisha mahali pake, na sikukwambia kitu.

Siku hizi zipo programu za kutengeneza picha za zamani. Unaipa picha iliyoharibika, nayo inajaza palipopotea. Niliipa ile, na uso wako wa utotoni ukiwa pembeni ikapata pa kuanzia. Haikupita dakika, mwanamke akawa ananitazama. Dada, nililia. Mama alifariki nina miaka miwili, na siku ile kwa mara ya kwanza nilipata uso wa kuuita mama. Nikauweka kwenye blogu, nikaandika chini yake: Mama yetu. Watu wakajaza mashaallah, wakasema nimechukua pua yake. Nikaenda kwenye kioo kuitazama pua yangu.

Halafu Hamadi akakuonyesha, nawe ukanitumia ile sauti. Nimeisikiliza mpaka naijua kwa moyo. "Seif, mwanamke huyu miye simjui. Uso wa mama kaukwangua baba kwa wembe, na mama mwenyewe ndiye aliyemuomba, yuko kitandani anaumwa. Hakutaka akishakufa abaki anatazamwa na kila mtu. Nilikuwepo, nnakumbuka. Ungeniuliza, ningekwambia."

Niliifuta saa ile ile. Lakini cha mtandaoni ukikifuta kwako hakijafutika kwa wenzako. Nikawapigia ndugu mmoja mmoja kuwaomba wafute. Mtoto wa ami yetu, Khalfan, anayekaa Bawshar, alikuwa ameshaichapisha kubwa, akaitia fremu na kuitundika sebuleni. Akanikalisha chini yake, akanimiminia kahawa, akasema, "Nimekuwekea mama, ndugu yangu, kila ukija umuone." Nikamwambia yule si mama, na mama aliusia asitazamwe. Akapanda juu ya kiti akaiteremsha mwenyewe. Tukamaliza kahawa tukiangalia msumari.

Rahma ananiliwaza. Anasema ulioonekana na dunia ni uso wa mashine, kwa hivyo mama hajatazamwa na mtu. Hilo limenipunguzia mzigo, lakini halijaniondolea aibu. Nakuomba radhi kwa kufungua mkoba wako, kwa kukuficha, na kwa kumwanika mama yetu ili watu waniambie mashaallah. Blogu nimeibakisha kwa paka na mandazi. Nyuso za watu wetu sitaziweka tena.

Nisalimie Hamadi, na umwambie simlaumu kwa kukuonyesha, wala kwa uongo wa saa nne, maana ameufanya kwa amri ya mama yake. Nisalimie mkewe Asha, umwambie lozi zake Rahma amempa Bi Salma amletee, na shoga yako Bi Time wa nyumba ya pili. Thuraya anakubusu mikono. Naye ana aibu, ingawa kosa si lake.

Dada, limebaki jambo moja. Nikijaribu kumfikiria mama sasa, anakuja yule wa mashine. Nikimfukuza, unakuja wewe, umenibeba ubavuni, unanipulizia uji. Zaidi ya hapo sina kitu. Miaka yote hii sikuthubutu kukutajia mama, nikiogopa kukutia huzuni, nawe labda ulidhani mimi sijali. Alikataa kutazamwa na watu, lakini sidhani kama alikataa mwanawe asimuliwe habari zake. Baada ya Idi nakuja, na simu naiacha huku kwa Rahma. Nitakaa hapo ukumbini kwako mpaka unichoke.

Ulisema ningekuuliza ungeniambia. Nakuuliza, dada. Mama alikuwa vipi?

Mdogo wako,
Seif