Kitabu Unachotaka Kuandika Juu ya Papa Salome

Kisangani, Commune ya Tshopo
Jumapili, baada ya chakula

Kwako Yaya Zakaria, kaka yangu mkubwa, mwinjilisti wa nyumbani kwetu Maniema,

Nakusalimu kwa sababu Mama hakunizaa niwe mtu wa kuanza maneno bila salamu. Hamjambo huko? Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie asibebe maji mwenyewe, wajukuu wamejaa hapo uani. Sisi huku tu wazima, mimi na Salome na Fibi mdogo. Fibi alishikwa na homa, ikamwacha. Mimi nauza sombe ya majani ya mihogo na mikate sokoni, mikono inaniuma kwa kutwanga, lakini hatulali njaa. Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nina hasira nawe, na barua hii usiisome kwa sauti mbele ya wageni kama ulivyozoea, huku ukiruka mistari usiyoipenda.

Furushi lako lilifika mkononi mwa shemasi aliyekuja na treni ya Ubundu. Nilikuta vitabu sita vya kusoma nyumbani, na karatasi ya maagizo: hiki Jumatatu, hiki Jumatano, hiki cha wasichana, hiki cha mjane. Mjane ni mimi. Asante kwa kunikumbusha. Chini kabisa kulikuwa na daftari ulilojaza kwa mkono wako, habari za mume wangu na jinsi alivyokufa. Umeandika kwamba mtambo wa kupiga chapa uko tayari, kwamba kitakuwa kitabu kidogo cha kukuza imani katika familia, na kwamba kinachongojewa ni mimi tu, niweke jina langu ukurasa wa mwisho, chini ya maneno uliyokwisha kuniandikia: "Mimi mjane wake nimesoma, nami nashuhudia kwamba yote ni kweli."

Kosa langu ni kwamba sikulisoma kwanza. Nyumba hii bado inasoma kila Jumapili baada ya chakula, kama mume wangu alivyoizoesha. Salome anasoma, Fibi anakaa miguuni pangu, mimi namenya karanga. Nikampa Salome daftari lako nikidhani ni hadithi kama zile nyingine zako. Akasoma vizuri, ana sauti nzuri siku hizi, hata akafika pale unaposema mume wangu fundi alisimama kando ya mto, kitabu kifuani, jicho kavu, akawaambia wauaji wake, "Nikateni shingo, Bwana wangu sitamkana," kisha akaimba mpaka mwisho wa wimbo. Salome akageuza ukurasa, akaurudisha. Akaniuliza:

"Mama, hii papa iko nani?"

Fibi akamrukia: "Iko papa yetu! Soma tena!"

Fibi alikuwa wa kunyonya siku zile, hakumbuki kitu. Salome alikuwa na miaka tisa, naye alikuwepo. Akamtazama mdogo wake, akasema polepole juu yako, mjomba wao, "Tonton anaandika papa hakulia. Miye nilisikia papa analia. Alors, nani iko muongo? Miye ao tonton?" Kisha akatoka nje akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi.

Tangu siku hiyo Fibi kila asubuhi ananiomba nimsomee "papa ya kitabu". Nitakuambia ukweli, Yaya, kwa muda kidogo nilitamani kumwachia. Ni papa mzuri, amesimama wima, haogopi, anaimba. Mtoto asiye na baba angekataaje zawadi kama hiyo? Lakini nikimpa Fibi huyo, nimemnyang'anya Salome wake. Nina watoto wawili, baba yao ni mmoja, na wewe hukuwepo siku ile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tangu arusi yetu wewe ndiwe uliyetuchagulia vitabu. Hukuuliza hata mara moja tunahitaji nini. Ulituletea kitabu cha hatari za pombe, katika nyumba ambayo hata kasiksi haikupita mlangoni. Ulituletea kitabu cha mke mwema, na picha ya mama wa Kizungu anatabasamu mbele ya jiko la umeme, nami napuliza kuni mpaka machozi. Ulituletea vitatu vya Kifaransa ambavyo hata wewe huvijui, ulipenda unene wake. Mimi nilinuna. Mume wangu alikuwa anacheka. Anapima furushi mkononi, anasema, "Eh, shemeji anatupenda na kilo!" Halafu anavisoma vyote, hata vya upuuzi, kwa sababu vimetoka kwako. Alikuwa anakupenda kuliko ulivyostahili.

Kila kitabu alikifunga kwa karatasi ya mfuko wa simenti isichafuliwe na mafuta ya kinga, maana alikuwa anatengeneza kinga, baiskeli za watu, palepale barazani. Juu ya karatasi anaandika jina la kitabu kwa herufi kubwa, zilezile alizokuwa anawaandikia wateja kwenye fremu zao. Salome alijifunzia kusoma kwenye majalada hayo, kabla ya kuingia shule. Hayo hayamo katika daftari lako. Ungeniuliza ningekuambia, yangetosha kukuza imani ya mtu.

Uasi ulipoingia mjini, jirani yetu Mama Hadija, Mwislamu, watu wao ni wa hapa tangu zamani za biashara ya pembe, alinijia na kikapu kichwani kama anakwenda sokoni. Akaniambia, "Muzike karatasi yote, ya kwenu na ya serikali. Hawa batoto ya uasi hawaulize karatasi inasema nini." Nilitaka kumsikiliza. Mume wangu akafikiri. Waasi walikuwa wanawatafuta makarani, wanawatafuta wanaojua Kifaransa. Basi tukazika vya Kifaransa chini ya mihogo. Vya Kiswahili akaviacha mezani. Akasema, "Swahili iko luga yao pia. Watasoma, wataona hakuna kitu mubaya." Hilo ndilo kosa lake, Yaya. Aliamini kwamba mtu akisoma lugha yake ataelewa.

Walikuja watatu, alasiri, wanataka mipira ya baiskeli. Aliyekuwa mkubwa wao alijua kusoma. Mezani palikuwa na kile kitabu ulichotuletea mwaka wa uhuru, na juu yake, kwa herufi kubwa za mume wangu: ASKARI MWAMINIFU WA BWANA.

Aliyekiandika alikuwa wa mbali, labda wa pwani, simlaumu. Wewe nakulaumu. Wewe ni wa kwetu. Unajua kwamba kwetu Bwana ni Mungu ndani ya kanisa tu. Ukitoka mlangoni, bwana ni Mzungu: bwana wa ofisi, bwana wa shamba, yule tuliyekuwa tunavua kofia akipita. Papa yetu alibeba masanduku ya bwana mpaka mgongo ukapinda. Ulisoma jina hilo, ukaona ni zuri, ukalipeleka katika nyumba ya dada yako. Hukusimama hata kidogo ukajiuliza litasikikaje masikioni mwa mtu wa njiani.

Yule akasoma kwa kidole, neno kwa neno. "As-ka-ri... ya bwana." Akainua macho. "Wewe uko soda, askari ya bwana? Bwana gani?"

"Iko Yesu, papa," mume wangu akamjibu kwa neno la heshima. "Kule kanisani tunamuita Bwana."

"Yesu iko muzungu?"

"Hapana, papa."

"Hapana? Bon. Nilimuona na macho yangu kwa ukuta ya misheni. Muzungu kabisa, na ndevu." Wenzake wakacheka. "Umeandika wewe mwenyewe hapa juu?"

"Niliandika miye. Lakini niko fundi ya kinga tu."

Wakamwuliza kama anamjua Yesu. Akasema hamjui. Wakamwuliza kama anasali. Akasema hasali. Wakamwuliza mara ya tatu kama ni mtu wa Yesu, akasema, "Hapana, hapana, hapana," huku analia, na makamasi yanamshuka, na mikono ameiinua. Wakamwambia ateme mate juu ya kitabu, akatema. Wakamwambia akikanyage, akakikanyaga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na Fibi mgongoni, Salome ameshika kikwembe changu cha kiunoni, na kwa macho nilikuwa namwambia, fanya, fanya, fanya lolote watakalo. Alifanya kwa ajili ya watoto hawa. Nami mke wake, niliyebatizwa siku moja naye, moyo wangu ulifurahi. Kama ni dhambi, iandike na jina langu pembeni.

Hapakuwa na mto. Hapakuwa na wimbo. Palikuwa na mwanamume anayewapenda watoto wake.

Unasema familia nyingine zitakua katika imani zikisoma daftari lako. Zitakua katika nini, Yaya? Watoto watasoma kwamba mtu wa Mungu hatetemeki. Halafu siku itakuja, maana katika nchi hii siku haiachi kuja, wataona baba yao anatetemeka, na watadhani Mungu amemtupa. Mimi kila Jumapili namwombea mume wangu nikijua alivyosema, na naamini amepokelewa. Imani yangu ndiyo hiyo, ni ndogo, lakini haikujengwa juu ya uongo. Ya kwako inahitaji marehemu atengenezwe upya kwanza.

Na usifikiri nimeacha kusoma. Siku hizi nachagua mwenyewe. Nachukua kitabu, naketi na Salome, tunasoma kurasa tatu. Salome akiuliza swali na kitabu kikamgombeza, hakibaki. Katika sita vyako nimebakiza viwili, kile cha mifano ya Yesu na kile cha nyimbo. Vinne vinarudi na shemasi, pamoja na karatasi ya maagizo. Daftari linarudi pia. Ukurasa wa mwisho sikuugusa. Ukiupiga chapa bila jina langu, nitapanda treni na Salome, nitasimama kanisani kwako siku ya Jumapili, na mtoto atasema aliyoyaona. Unanijua. Ulinichapa utotoni, hukuniweza.

Nisalimie Mama, umsomee habari za homa ya Fibi na za mihogo, haya mengine umwachie apumzike. Nisalimie wifi yangu, mke wako, mvumilivu kuliko sisi sote. Nisalimie mdogo wetu Danieli, mwambie spana za shemeji yake bado zimefungwa vizuri, akitaka kujifunza ufundi aje azichukue. Nisalimie na yule mzee wa kwaya aliyetushikia taa siku ya arusi.

Ni mimi mdogo wako,
Eseta, mama Salome

Nilikuwa nimekwisha kukunja barua hii. Salome akaomba aisome, nikamwachia. Amenirudishia, anasema, "Mama, umeachia njiani. Haukuandika ya ukurasa ya kwanza." Ni kweli. Nilificha miaka yote hii kwa sababu nilikuhurumia. Leo huruma hiyo sina.

Baada ya kitabu kukanyagwa wale watatu walichukua mipira miwili, wakaanza kutoka. Walikuwa wamechoka naye. Nilikwisha kusema asante Mungu moyoni. Yule mkubwa wao akageuka, sijui kwa nini, akakiokota kitabu mavumbini, akakifuta kwa suruali, akakifungua. Ndani, ukurasa wa kwanza, ulikuwa umeandika kwa kalamu yako, kwa mwandiko wako wa kujivuna: "Kwa askari mwenzangu." Na chini, Z.

"Aha," akasema. "Basoda iko wawili. Huyu Z iko nani? Iko wapi?"

Unajua ulikuwa wapi. Ulikuwa umejificha mashambani na Mama na watoto wote, na malori yao yalikuwa yanakwenda mpaka huko. Jina la kijiji tu lingetosha.

Mume wangu alikuwa amekwisha kuwapa kila walichotaka. Hakubakiza kitu, wala Mungu hakumbakiza. Akasema, "Sijui."

Wakampiga kwa kitako cha bunduki. "Z iko nani?"

"Sijui, papa. Kitabu niliuza sokoni, ilikuwa na maneno hiyo tayari."

Alichanganya hata kununua na kuuza, kwa hofu. Wakampiga tena, meno yakatoka, Salome akapiga kelele. Analia kama mtoto, Yaya, anaita mama yake, na katikati ya kilio anasema, "Sijui." Ndipo wakampakia kwenye lori, hakurudi tena.

Alimkana Yesu mara tatu mbele yangu. Wewe hakukutaja hata mara moja.

Ukitaka kuandika kitabu, andika hicho, na safari hii uweke jina lako lote.