Jumapili Niliyomtoa Salum

Baba,

Tangu Jumapili sikai nikatulia. Naendesha basi, na kila nikisimama kwenye taa nyekundu vidole vinagonga usukani vyenyewe. Mama akiniuliza nina nini, namjibu msimu unaisha, nimechoka. Si uongo wote.

Timu yako ya kriketi ipo. Baada ya hitima walinipa mimi unahodha, maana nadaka nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu, na mrushaji namwona uso kwa uso. Jitesh, yule mhasibu wa Rayners Lane uliyekuwa ukimtania kwamba anahesabu hata sambusa za wenzake, siku hizi anakuja na tableti. Kila mpira wa msimu mzima umo humo: nani karusha, kwa kasi gani, umepigwa wapi. Ungecheka, halafu ungeichungulia.

Jumapili tungeshinda tungekuwa salama, hatushuki daraja. Zilibaki ova mbili, mirusho kumi na miwili tu. Salum, kitinda mimba wako, amerusha msimu mzima karibu peke yake. Jitesh akapiga kelele kutoka pembeni: "Mwache huyo aendelee! Kasi yake haijashuka hata kidogo!" Na kweli haikushuka. Lakini mimi nilimwona anavyorudi kuanza mbio zake. Ulinifundisha mwenyewe, pale uwanjani Woolwich, umekalia begi la vifaa: "Usimtazame akirusha, kila mtu hujikaza akirusha. Mtazame akirudi." Mpira kaubeba kwa mkono wa kushoto, wa kulia, anaorushia, kauacha unaning'inia.

Nikanyoosha kiganja anirudishie mpira, kama ulivyokuwa ukifanya ukimtoa mtu, bila ya neno. Kiganja chako hakuna aliyekibishia. Salum akautupa mpira majanini, mbele ya miguu yangu.

"Wewe si Baba, kaka."

Nikampa mwengine. Mirusho yake ikapigwa vibaya. Tukashindwa.

Na bega la Salum zima kabisa! Juzi kamsaidia jirani kupandisha friji ngazi zote zile. Hilo ndilo linalonizungusha. Lingeuma, ningejua nimemwokoa. Halikuuma, basi sijui kitu. Jitesh hakunicheka. Alinipigia simu akasema, "Nahodha, pengine umeona sawa. Ila mie sina pahala pa kuyaandika macho yako."

Halafu nikakumbuka hospitali. Wiki ile vipimo vyako vilisomeka vizuri, nesi akafurahi, mimi nikakuona unahamisha kikombe cha chai, mkono huu, mkono ule, nikajua umechoka. Nikaomba ruhusa kazini nikabaki na wewe. Tukazipata siku zile za mwisho, ukanihadithia mechi zenu za kriketi skuli Unguja, na yule mwalimu aliyekuwa akisimama golini na kanzu akidhani ni mpira wa miguu. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Labda Jumapili sikumwona Salum hata kidogo, Baba. Labda nilikuona wewe.

Keshokutwa ni mechi ya mwisho. Tusiposhinda, tunashuka. Salum hanisemeshi bado, lakini Mama ananiambia kazifua nguo zake nyeupe za mchezo na kazianika mwenyewe. Atakuja.

Wewe hukuwa ukimuuliza mtu. Hukuhitaji. Mimi nahitaji. Nikimtilia shaka, nitatembea uwanja wote ule mpaka alipo, watu wangoje, wapige makelele wakitaka, na nitamuuliza: umechoka? Nitamwambia pia ninachokiogopa, na kwa nini. Akisema hajachoka, nitamwachia mpira nirudi mahala pangu, hata kama shaka haijanitoka. Hilo nakuahidi.

Pumzika wewe, Baba yangu. Uchovu wetu sisi tutaulizana wenyewe.

Mwanao,
Hamadi