Kamera Iliyozoea Jicho Lako

Kendi yangu,

Nianze na kamera, kwa sababu najua ungeuliza hiyo kwanza, kabla hata hujauliza kama nimekula. Haifanyi kazi. Nimejaribu kila nililoweza na nitakueleza yote, halafu nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa Kaaga.

Juma lile baada ya kukuzika, Makena wako aliniletea ule mkoba mweusi. Akasema, "Auntie Karimi, mum alisema ukae nayo. But graduation yangu utanipiga na hii hii." Nikakubali haraka, bila kufikiri. Wewe mwenyewe ulimwahidi siku tulipompeleka Nchiru kuanza mwaka wa kwanza wa chuo, na godoro lake na ndoo, kwamba kamera iliyomsomesha ndiyo itakayompiga picha akivaa joho. Nilikuwepo. Nilidhani ni kazi ndogo.

Miaka tisa tumefanya kazi pamoja, Kendi, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa mtu wa kola. Nilinyoosha kola, nikapangusa watu jasho puani, nikawaambia wazee wainue kidevu, nikashika kile kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga. Kubonyeza ilikuwa kazi yako. Sikuwahi hata kukuomba nijaribu, na wewe kwa wivu wako wa ile kamera hukuwahi kunipa.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa harusi kule Mikinduri. Niliweka jicho kwenye tundu la kuchungulia nikaona ukungu. Bibi harusi, ukungu. Keki, ukungu. Nikabonyeza nusu kama ulivyokuwa ukifanya, lenzi ikazunguka, ikalia ile "pip" yake, kinukta cha kijani kikawaka kunijulisha kwamba iko tayari, na bado mbele yangu ni ukungu tu. Nikasema, huyu ananidanganya. Nikaisukuma ile swichi ya lenzi kutoka A, inapolenga yenyewe, kwenda M, nikaanza kuzungusha pete kwa mkono wangu mpaka nikadhani ni afadhali. Nilipiga hivyo siku nzima. Kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, na jua lile, kila kitu kilionekana sawa. Nilipofungua kompyuta, hakukuwa na uso hata mmoja uliokaa vizuri. Mama ya bibi harusi alizitazama mbili tatu akaniuliza polepole, "Karimi, sasa hii ni nini?" Niliomba msamaha mpaka maneno yakaniishia.

Basi nikaanza kuitibu. Nikapangusa lenzi kwa kitambaa chako cha njano. Nikasugua vile vishaba vya nyuma ya lenzi, vinavyogusana na kamera, kwa raba ya penseli, maana hiyo niliwahi kukuona ukifanya. Nikabadilisha betri, nikabadilisha kadi, nikafuta mipangilio yote ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Niliiweka hata kwenye maombi ya akina mama siku ya Alhamisi. Usinicheke. Sikusema ni kamera, nilisema kuna mgonjwa nyumbani.

Mwishowe nikaipeleka kwa Muriungi, yule fundi wa ghorofani pale mjini Meru, anayekaa katikati ya watengeneza simu. Alichungulia, akapiga moja, akatazama, akacheka. "Mama, focus iko poa kabisa. Ni hii kitu iliwekwa ya mtu mwingine." Akanionyesha kwa ukucha kile kigurudumu kidogo kando ya tundu, ambacho mimi nilidhani ni urembo. Kisha akaniuliza, "Mwenyewe alikuwa anavaa miwani?"

Kendi, nilikaa chini kwenye kiti cha wateja. Nilikuona kama uko hapo, ukisukuma miwani juu ya kilemba kabla ya kupiga, zile alama mbili nyekundu zikibaki puani. Kumbe ulikuwa umekizungusha kile kigurudumu kikafuata jicho lako bila miwani, kikakaa hivyo. Kamera ilikuwa nzima. Otofokasi, kule kulenga kwake yenyewe, ilikuwa nzima. Ukungu ulikuwa wa jicho langu mimi kwenye kitundu chako, na ile harusi niliiharibu kwa kutoiamini kamera pale ilipokuwa ikiniambia ukweli.

Muriungi akataka kukigeuza. Nikamshika mkono kwa nguvu, nafikiri nilipiga kelele kidogo, maana wale wa simu waligeuka. Nikatoa kwenye kipochi ile rangi ya kucha nyekundu uliyokuwa ukisema ni ya wasichana wadogo, nikaweka nukta mahali kigurudumu kilipokuwa. Nikaipuliza ikakauka. Ndipo nikamruhusu. Akageuza, akanipa, nikachungulia dirishani, nikaona mama mmoja ng'ambo ya barabara anapanga ndizi, na vifungo vya sweta yake nikavihesabu. Nilifurahi, na papo hapo nikajichukia, kwa sababu ili nione ilibidi kwanza nikuondoe wewe.

Ningependa barua iishie hapo. Lakini Muriungi aliendelea kuijaribu, na sasa ikatoa sauti ya kukwaruza, na picha ikatoka na utepe mweusi chini. Akajaribu tena, ikawa sawa. Tena, utepe. Akaifungua pole pole, akaangalia ndani na tochi. "Shata imechoka," akasema. Akanieleza ni vile vipazia vya ndani vinavyofunguka na kufunga kila ukibonyeza, na kwamba kimoja kimepinda. Alikinyoosha kadiri alivyoweza. Spea ya aina hiyo ya zamani haipatikani tena, alishauliza mpaka Nairobi kwa ajili ya mteja mwingine. "Inaweza kupiga kumi, inaweza kupiga moja. Please mama, usiitest-test."

Niliiweka juu ya kabati wiki mbili nzima bila kuigusa. Nilimwuliza Makena kama tukodi mpiga picha mwingine, awe wa akiba tu. Akasema, "Zii, auntie. Ni hiyo tu." Nikashindwa kumwambia habari ya shata. Alikuwa ameanza kulala vizuri.

Siku ikafika. Unaijua Nchiru siku ya mahafali, vumbi, mashada ya kung'aa, wapiga picha wenzetu wakivuta watu mikono. Wahitimu walikuwa bado wameketi ndani, mimi nasubiri kando ya ua. Na hapo, Kendi, woga ukanishika. Nikajiambia, kama itakataa, heri nijue sasa kabla Makena hajatoka. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke anauza mashada, ameyavaa shingoni yote mpaka uso umebaki kidogo tu. Nikabonyeza nusu. Pip. Kinukta cha kijani. Nikamalizia.

Ilipiga safi. Haikukwaruza hata kidogo. Nilifurahi sana mpaka nikamwonyesha yule mwanamke, akacheka akaficha meno.

Kisha Makena akaja na joho lake. Tulimketisha mama yako kwenye kiti, Makena akasimama nyuma yake, nikaenda kumnyoosha kola kwa mazoea, nikarudi nyuma hatua nne kama ulivyokuwa ukirudi. Nikachungulia. Nilimwona vizuri kabisa, Kendi, mpaka ule uzi mmoja uliokuwa ukining'inia kwenye kofia. Nikabonyeza, na kamera ikakwaruza ikanyamaza. Kioo kikaandika kwamba kuna hitilafu. Nikazima nikawasha. Nikatoa betri nikairudisha. Nikatoa lenzi nikaifunga tena. Mama yako alikuwa bado ameshikilia lile tabasamu. "Bado, mwari?" akaniuliza, kama anayemwita binti yake. Nikamwambia bado kidogo, nikabonyeza tena, na tena. Bado niliweza kuwaona wote kwenye kile kitundu. Kuwachukua ndiko nilikoshindwa.

Makena ndiye aliyekuja akanibandua vidole kwenye kamera. "It's okay, auntie. Imechoka tu. Imefanya kazi sana." Msichana mmoja aliyekuwa akipita akatupiga kwa simu, na Makena akanivuta nikasimama upande wa pili wa kiti, pale ambapo ungesimama wewe, na kamera imekufa shingoni mwangu. Hiyo ndiyo picha iliyo ukutani kwenu sasa. Kila mtu ametoka vizuri isipokuwa mimi. Nimefumba macho. Mimi, niliyewapigia watu kelele miaka tisa wafumbue macho.

Sasa lile jambo. Makena anaamini kamera ilikuwa imekwisha kufa njiani. Hajui ilikuwa imebakisha moja, na kwamba moja yenyewe nilimpa muuza mashada kwa sababu niliogopa. Picha hiyo iko kwenye kadi. Ni picha nzuri, na ndiyo inayoniumiza zaidi. Wewe ungesimama pale na woga wako, ukangoja. Mimi sikuweza kungoja dakika ishirini.

Atakuja Jumapili baada ya kanisa. Nimekuahidi wewe ili nisitoroke: nitamwonyesha ile picha, na nitamwambia ilikuwa yake. Akikasirika, nitakaa pale anikasirikie mpaka amalize.

Pumzika, rafiki yangu. Nimekirudisha kigurudumu kwenye nukta nyekundu. Leo asubuhi nimechungulia hapa mlangoni, migomba yote ikawa ukungu, na sikugeuza kitu.

Karimi wako,
mtu wa kola